Mbu Hawa si wa Bukanza

Sabina alimgeuza mbu kwa ncha ya kibano, akamlaza ubavu, akasogeza jicho kwenye hadubini. Akatazama. Akamgeuza tena, akatazama. Mara ya tatu hakuwa akimtazama mbu, alikuwa akitafuta njia ya kujidanganya, jambo ambalo kwa miaka sita ya kazi hii hakuwahi kulifanya hata siku moja.

"Jamani," alisema peke yake. "Jamani, hapana."

Watu wengi watakuambia mbu ni mbu tu, muue ulale. Sabina alikuwa akila kwa kuwatofautisha. Mbu jike wa malaria, Anofelesi, ana madoadoa kwenye mabawa, na vile vijiti viwili vilivyo kando ya mrija wake wa kunyonyea damu ni virefu sawa na mrija wenyewe. Huyu aliyelala chini ya kioo alikuwa na mabawa matupu na vijiti vifupi. Kuleksi. Mbu wa mitaroni, yule wa mjini anayekupigia kelele sikioni. Na mwenzake vilevile. Na wa tatu. Wengine wachache walikuwa na miguu yenye mistari myeupe na myeusi. Hao ni Edesi, wanaozaliana kwenye matairi na makopo yaliyotuamisha maji. Vikombe sita vya mtego, vya wiki tatu nzima, na Anofelesi hakuna hata mmoja wa kusingizia.

Ndani ya kila kikombe kulikuwa na lebo ya karatasi iliyoandikwa kwa penseli: Bukanza, nyumba namba 14. Mwandiko ulionyooka, herufi ndogo ndogo za mtu mwenye subira. Aliujua mwandiko ule kuliko alivyoujua wa mama yake mzazi. Ulikuwa wa Nathaniel, mchumba wake.

Bukanza iko ng'ambo ya Busisi, pembeni ya ghuba, penye matete na majaruba ya mpunga. Tangu Januari kikombe cha Bukanza hakijawahi kufika maabara bila wale mbu wadogo weusi wa malaria, tena kwa makumi. Na hakijawahi kufika bila wale wadudu wa ziwani, wale wanaopaa juu ya maji kama moshi, ambao wakiona taa hujitupa mtegoni mpaka unawachota kwa kijiko. Humu hawakuwemo. Badala yao kulikuwa na vidudu vyeusi vigumu, vitatu, vinne kwa kila kikombe, na hivyo Sabina alivitambua bila hata hadubini. Utoto wake wote alikuwa akivitoa kwenye magunia ya mama yake pale Mwaloni, Kirumba. Ni vidudu vinavyokula dagaa wakavu, na Bukanza hawaaniki dagaa.

Mtego huu ulitundikwa Kirumba. Karibu na maghala ya dagaa, tena chumbani, kwa sababu mtego wa taa hutundikwa kando ya kitanda chenye chandarua na mtu amelala ndani yake. Bila harufu ya mtu mbu hawaji.

Nathaniel alikuwa amepanga Nyegezi. Sasa kule Kirumba ni kitanda cha nani?

Mlango ukafunguliwa, akaingia Dokta Alia, mkuu wa maabara, mama mfupi wa Kihindi ambaye baba na babu yake wamezikwa Mwanza hii hii na hana kwao kwingine.

"Bi harusi wetu! Likizo ya wiki tatu imekukubali kweli. Bukanza tayari?"

"Bado kidogo, dokta."

"Nataka fomu kesho saa sita. Watu wa wilaya wanafunga orodha ya vijiji vitakavyopuliziwa dawa ukoko kwenye kuta. Nimechungulia vikombe kwa juu juu, naona kama mbu wa malaria wameisha Bukanza. Kama ni kweli tunakitoa, dawa iende kwingine."

"Kikitolewa kinarudishwa lini?"

"Mwakani, tukijaliwa." Alia akamtazama vizuri. "Sabina, kuna nini?"

"Macho tu, dokta. Nimetazama muda mrefu."

"Pumzika basi. Jumamosi washenga wakikukuta na macho mekundu watasema sisi ndio tumekutesa."

Akatoka akicheka. Sabina alichukua simu, akapiga. Iliita mpaka ikakaribia kukatika.

"Mpenzi," alisema Nathaniel. Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu asiyetaka kumwamsha mwingine.

"Uko wapi?"

"Bukanza. Nimevuka daraja mapema. Vipi, umeshaanza kazi? Wamekupokeaje?"

"Vizuri. Huko mvua imenyesha?"

"Manyunyu tu. Sabi, mtandao unasumbua, nitakupigia jioni. Umekula?"

Umekula. Neno hilo ndilo lililomponza Sabina miaka miwili iliyopita, na wala si uzuri wa mwanamume, ingawa uzuri nao anao, jamani tusiseme uongo. Wakati huo Nathaniel alikuwa kibarua mpya wa kutega mbu. Siku moja Sabina alitoa lebo kikombeni, akaigeuza, akakuta nyuma yake maandishi madogo ya penseli: *Umekula?* Wiki iliyofuata: *Jana ulikuwa na huzuni.* Wiki ya tatu hakukuwa na kitu, na Sabina alihangaika mchana kutwa akigeuza lebo kama mtu aliyepoteza pete. Alipenda, akapenda mpaka akawa anasikia mlio wa pikipiki getini na moyo unamwenda mbio kama wa msichana wa sekondari.

Na hakupewa mapenzi hayo bure. Mama yake, Teodora, alimkataa Nathaniel mwaka mzima. "Mwanamume wa miaka thelathini na minne, hana mtoto, hana aliyewahi kumtaja, ndugu zake Magu hawatembelei. Huyo ana kitu nyuma yake," alisema. Sabina alilia, alisusa kula, alihama nyumbani kwa miezi miwili. Baba yake, Mzee Revocatus, katekista wa miaka mingi, ndiye aliyelegea, akamwita barazani akamuuliza, "Mwanangu, kazi yako ni kutazama. Huyu umemtazama?" Sabina akajibu, "Nimemtazama, baba." Barua ya posa ikapokelewa. Keshokutwa, Jumamosi, washenga walikuwa wanakuja kwa mahari, na mwezi wa nane matangazo ya ndoa yaanze kusomwa kanisani.

Aliaga kwamba kichwa kinamuuma, akavua koti jeupe, akaenda Kirumba.

Alipita nyuma ya soko la Mwaloni ili mama yake asimwone. Harufu ya dagaa ilimpokea, ile harufu aliyokua nayo. Hakuhitaji kuuliza mtu. Kati ya ghala na safu ya vyumba vya kupanga kulikuwa na mtaro uliojaa taka na lundo la matairi mabovu, na pembeni ya matairi, imeegeshwa kwa adabu zake zote, pikipiki nyekundu ya kituo chao cha utafiti. Alisimama mbele ya mlango wenye pazia la maua. Ndani alisikia maji yakimiminwa.

"Hodi."

Maji yakanyamaza.

"Karibu," ilijibu sauti ya mwanamke, kavu, ya mtu aliyechoka.

Sabina alisukuma pazia. Kitu cha kwanza alichokiona ni mtego, umening'inia miguuni pa kitanda, taa yake imezimwa. Cha pili ni mwanamke aliyelala, amekonda mpaka shuka ilikuwa haina umbo. Cha tatu ni Nathaniel, amepiga magoti sakafuni, amekunja mikono ya shati, mguu wa yule mwanamke uko ndani ya beseni, naye ameushika kwa viganja viwili.

"Sabi," alisema. Hakuinuka.

"Ndiye yeye?" aliuliza mgonjwa.

"Ndiye."

"Mkaribishe basi. Mtu hasimamishwi mlangoni."

Sabina alikaa kwenye kigoda. Alikuja na maneno yake amepanga, makali, ya kumtoa mwanamke nyumba ya watu. Yote yalipotea.

"Pole, dada. Unaumwa nini?"

"Saratani. Ya kizazi." Mwanamke alivuta pumzi kabla ya kila neno. "Hospitali walisema wamemaliza, nikauguzwe nyumbani. Nyumbani kwenyewe ndiyo hapa."

"Wewe ni nani wake?"

Mgonjwa alimgeukia Nathaniel taratibu. "Hukumwambia?"

Nathaniel aliinamisha kichwa juu ya beseni.

"Ee, Natha. Hujabadilika. Jambo gumu unaliweka kesho." Akarudisha macho kwa Sabina, na macho yale, mwenzangu, ndiyo kitu pekee kilichokuwa bado kizima mwilini mwake. "Naitwa Selina. Mimi ni mke wake. Tulifunga ndoa kanisani, Magu, huu mwaka wa saba. Nikamkimbia mwaka wa pili, nikamfuata mwanamume machimboni Geita. Huyo naye aliponiona naumwa akanikimbia mimi. Sina wa kumlaumu. Niliporudi sikuwa na pa kwenda ila kwa huyu niliyemtenda."

"Lini?"

"Mwezi wa tatu."

Mwezi wa tatu ndio mwezi ambao Nathaniel alileta barua ya posa. Sabina aliinuka, akasema samahani dada, akatoka nje. Alifika kwenye matairi akashikilia tairi moja, akawa anapumua kwa mdomo. Nyayo zilimfuata.

"Sabi, nisikilize."

"Ulisema hujawahi kuoa."

"Nilikuona wewe nikatamani iwe kweli."

"Usiniletee maneno matamu hapa!" Mama mmoja aliyekuwa akipembua dagaa ghalani aligeuka kutazama. Sabina akashusha sauti. "Usinifanyie hivyo, Natha. Niligombana na mama yangu kwa ajili yako. Miezi miwili sikumwamkia. Alisema una kitu nyuma yako, nikamwambia ana roho mbaya. Mama yangu!"

"Najua."

"Hujui. Kuna jambo moja silielewi, nieleze polepole. Mimi na wewe ni Wakatoliki. Baba yangu ni katekista. Matangazo yasomwe Jumapili tatu, padri aulize kama kuna kizuizi. Wewe una mke wa kanisani, yuko hai. Ulipanga kumjibu nini padri?"

Nathaniel alitazama mtaroni.

"Natha." Jibu lilikuwa limeshaanza kumfikia lenyewe, na alitamani lisifike. "Ulikuwa unangoja afe?"

Alinyamaza. Kimya kile Sabina angekisikia maisha yake yote.

"Usiku nikimgeuza kitandani namwomba Mungu ampunguzie maumivu, amwache hata mwezi mmoja zaidi," alisema hatimaye, na machozi yalikuwa yanamtiririka bila kuyafuta. "Asubuhi nikipanda pikipiki nakukumbuka wewe. Naanza kuhesabu. Daktari alisema mpaka mwezi wa saba. Matangazo mwezi wa nane... Sabi, ni mimi yuleyule, usiku naomba hiki, asubuhi nahesabu kile. Najichukia mpaka nashindwa kumeza chakula. Lakini umeniuliza, sitakudanganya tena."

"Unampenda?"

"Sijui hiyo naiitaje. Alinidhalilisha mbele ya ukoo mzima. Lakini siku aliposhuka kwenye gari hana hata begi, niliona miguu yake imevimba, nikambeba. Nifanye nini? Nimwache barabarani?"

"Hapana," alisema Sabina, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba angemwacha barabarani asingekuwa yule mwanamume aliyempenda. "Ungeniambia tu."

"Ungebaki?"

"Hukunipa nafasi ya kujua."

Upepo ulileta harufu ya mtaro. Sabina alijifuta uso kwa kiganja, akarudi kwenye kitu ambacho mikono yake ilikijua.

"Na Bukanza?"

"Mchana jirani anakaa naye. Usiku hana mtu. Akizidiwa usiku mtu wa kumshika hakuna. Nikasema nikose wiki moja tu. Wiki ikawa mbili, mbili zikawa tatu."

"Ukatundika mtego hapa."

"Ningeleta vikombe vitupu ningefukuzwa siku hiyohiyo."

"Ukaandika nyumba namba kumi na nne, kwa mkono wako. Hukujua kama nitaona?"

"Nilijua utaona."

"Kwa hiyo ulijua nitaona, ukajua nitanyamaza."

"Nilijua unanipenda, Sabi."

Alilisema kwa upole, tena kwa shukrani, na hakujua alichokivunja. Mapenzi ya Sabina, zile lebo alizokuwa akizigeuza na moyo ukimdunda, Nathaniel aliyaweka mahali pa kuegemea uongo wake.

"Nisaidie hili moja," Nathaniel alisogea, akamshika vidole. Sabina hakuvitoa, vidole vyake navyo vilikuwa na ukaidi wao. "Andika kwamba vikombe vimeingia ukungu, havisomeki. Inatokea. Hutakuwa umeandika mbu wa uongo. Mimi nitabaki na kazi, nitampatia dawa za maumivu mpaka mwisho wake. Halafu baada ya hapo unihukumu unavyotaka."

Sabina alifikiri, tusimwonee, alifikiri kweli. Ukungu. Neno moja kwenye kisanduku kimoja cha fomu. Hakuna ambaye angeuliza. Jumamosi washenga wangekuja, mama angepika, na mambo mengine Mungu angeyajua.

"Kijiji kisicho na takwimu hakipuliziwi, Natha. Unajua hilo."

"Ni mwaka mmoja tu."

"Umelala nyumba zile. Umewahi kunihesabia watoto wa nyumba moja wanaolala kitanda kimoja. Unaniambia mwaka mmoja tu?"

Kutoka ndani, nyuma ya pazia, sauti kavu iliita bila nguvu.

"Natha. Maji yanapoa."

Aligeuka akatazama pazia, akamgeukia Sabina, akatazama pazia tena. Uso wake ulikuwa wa mtu anayevutwa na kamba mbili. Sabina alivitoa vidole vyake mwenyewe, kimoja kimoja.

"Nenda," alisema.

Naye akaenda.

Kesho yake, Ijumaa, saa tano na nusu, alimkabidhi Dokta Alia fomu. Kwenye safu ya aina alikuwa ameandika Kuleksi na Edesi, idadi yao kamili. Kwenye safu ya maoni aliandika kwa kalamu ya wino: *Mbu hawa si wa Bukanza. Walikamatwa Kirumba.* Akaeleza sababu, akaweka sahihi.

Alia alisoma, akavua miwani, akasoma tena bila miwani.

"Unajua aliyetega ni nani."

"Najua, dokta."

"Ungeweza kuniambia ukungu. Ningekuamini."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Mama yule alivaa tena miwani. "Nitawabembeleza wilaya wangoje mpaka Jumatatu. Lakini mtego unatakiwa utundikwe leo jioni, na sina mtu. Huyu siwezi kumtuma tena."

"Nitaenda mimi."

"Sabina, kesho washenga wa..."

"Hawaji. Nimeshampigia baba."

Alikuwa amempigia alfajiri. Alisema tu, "Baba, waambie wasije. Ana mke." Kabla Mzee Revocatus hajasema lolote, Sabina alisikia simu ikipokonywa, akajua sasa mama ataanza. Ana haki ya kuanza. Teodora alipumua upande wa pili. Hakusema nilikuambia. Alisema, "Mwanangu, umelala hata kidogo?" Hapo ndipo Sabina alipolia kwa sauti, sakafuni, simu sikioni, na mama yake hakukata mpaka alipomaliza.

Jioni ile ujumbe uliingia akiwa kwenye gari la kituo, kabla ya kufika darajani. *Wamenipa barua ya kuniachisha kazi. Ni haki. Selina anakusalimu, anasema pole. Mimi sina la kusema isipokuwa nakupenda, na najua halitoshi.* Sabina aliandika jibu, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Gari lilipanda daraja, maji pande zote mbili yakiwa ya kijivu, na kwa dakika zile chache za kuvuka alijiruhusu kufikiri kwamba angemwambia dereva ageuze gari. Kisha wakawa wameshuka upande wa Busisi.

Alitundika mtego wakati wa magharibi, nyumba namba 14, na kulipopambazuka Jumamosi alikuwa amerudi kuukusanya. Mwenye nyumba, Bibi Kija, mwanamke mrefu aliyepinda mgongo kidogo, alimngoja mlangoni na kanga mabegani.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Chukua wadudu wako. Usiku wamekuja kama wameitwa."

Sabina aliingia. Kikombe kilikuwa cheusi kwa wadudu wa ziwani, na katikati yao, kwenye wavu, walitulia mbu wadogo wameinua mikia juu na kuinamisha vichwa, vile wanavyosimama mbu wa malaria peke yao. Wengi. Wiki tatu zote walikuwepo hapa wakinywa damu za watu. Alifunga mdomo wa kikombe kwa pamba, akatoa penseli, akaandika lebo.

"Wajukuu wawili wamelazwa kwa homa," alisema Bibi Kija nyuma yake. "Hao watu wa dawa ya ukutani wanakuja mwaka huu?"

"Wanakuja, bibi. Sasa watakuja."

"Afadhali. Na kijana wetu yuko wapi? Nathaniel. Wiki tatu hatumwoni. Anaumwa?"

"Anauguza."

"Masikini. Nani?"

Angeweza kusema dada yake, angeweza kusema jamaa. Alishachoka.

"Mke wake."

"Kumbe ameoa!" Bibi alipiga kofi la furaha, kisha akajishika mdomo. "Ndiye yule binti wa mbu anayeumwa? Alikuwa anatundika mtego huku anamsifu mpaka tunamcheka. Anasema binti yule ukimwonyesha bawa la mbu tu atakuambia limetoka nyumba ipi. Ndiye?"

"Siye, bibi. Mke ni mwingine. Na yule wa mbu hawakuoana."

Bibi Kija alitoka kwenda uani, akakaa huko kidogo, kuku wakapiga kelele, akarudi ameshika tetea mnene mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya katani.

"Huyu nilimtunzia huyo binti. Nilimwahidi Nathaniel, siku ya harusi nitamleta mwenyewe kwa miguu yangu." Alimtazama kuku, akamtazama Sabina. "Lakini mgonjwa anahitaji mchuzi. Unaweza kumfikishia huyo mke wake?"

"Naweza. Nitampelekea leo leo."

"Ubarikiwe. Na huyo binti mwingine, unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Analia?"

Sabina aliweka kikombe chini, taratibu, ili mbu wasichanganyike. Akapiga goti kidogo, akampokea kuku kwa mikono miwili.

"Analia, bibi," alisema.